Mbuzi Aliyepita Mbele ya Eksirei

Siku za Emajensi, serikali ya mkoloni ilipowasaka wapigania uhuru wa msituni, hapo Kanja, tulisema kikulacho ki nguoni mwako. Wa nguoni mwangu alikuwa mume wangu. Nilijua amekula kiapo cha msituni, kwa vile alivyoacha kunitazama usoni. Sikumuuliza. Kiapo kilimuua aliyekitaja, hata kama amemtajia anayelala naye kitanda kimoja.

Basi akaja mzungu daktari wa mifugo huko Embu, na mashine ya eksirei inayopiga filamu. Alitaka kuona mifupa ya mnyama anapotembea, ajue goti linakunjika vipi na kwato zinakanyaga vipi. Homugadi wa kijiji chetu, mlinzi aliyewekwa na serikali, akatuamuru tupeleke mbuzi wetu aliyekuwa akichechemea.

Mbuzi, jamani! Kiapo chenyewe kililiwa kwa nyama ya mbuzi, na mashine inaona mpaka ndani ya tumbo. Kijiji kizima kilishaamua kwamba huo ni mtego: atakayeshika kamba ataonekana alichomeza, kisha ni lori, moja kwa moja hadi kizuizini.

Mbuzi yule hakukubali kuvutwa na mgeni. Mume wangu alikaa kigodani, hainuki. Nilikasirika, siwafichi.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Nitampeleka mimi."

Tuliingizwa kwenye chumba kilichozibwa madirisha, tupite kati ya mashine na kioo. Katikati mbuzi akagoma. Ikabidi nimkumbatie nimsukume, tumbo langu wazi mbele ya mashine. Mzungu na homugadi wakainamia kioo. Nikangoja kushikwa.

Homugadi akacheka. "Mama, mbuzi wako aliwahi kuvunjika paja! Mfupa umeunga kombo."

Mzungu akaandika. Mimi hakuna aliyeniuliza hata jina.

Nyumbani mume wangu hakunipa pole wala maji.

"Wamekuachilia upesi," akasema. "Umewaambia nini?"

Loo! Kumbe miezi yote hiyo alinikwepa akidhani mimi ndiye nitakayemuuza. Hasira ilinipanda, na machozi pia.

"Sijasema kitu. Ile mashine inaona mifupa tu. Kiapo haikioni."

"Utajuaje, na wewe hujakila?"

Nikakumbuka adhabu ya mwenye kutaja. Kisha nikaona potelea mbali.

"Nilikila kabla yako," nikamwambia.

Alinitazama usoni. Kisha akachukua kibuyu, akanimiminia uji.