Tulipowajengea Wazee Ukuta

Kwetu Sagalla, zamani, mtu mzima akifa hakuachwa kaburini moja kwa moja. Alizikwa, misimu ikapita, kisha fuvu lake likafukuliwa, likapanguswa, likawekwa pangoni pamoja na wenzake wa ukoo. Wanawake hatukuwa watu wa kuingia humo. Lakini ndugu zangu walikuwa wameshuka kutafuta kazi, basi baba akanipeleka mimi, niliyeishia darasa la pili. Akanionyesha mmoja mmoja: huyu ni fulani, baba wa fulani; huyu aliumwa na nyoka; huyu ni babu yako. Nikawashika wote akilini. Hawakuwa wameandikwa popote. Kila mmoja alijulikana kwa mahali alipokaa, basi.

Juu ya pango palikuwa na msitu wa fighi, ule wa mwiko, ambao hata ukuni mkavu haukuokotwa. Ukaja ukame wa miaka ya tisini. Msitu ukashuka Voi gunia kwa gunia, makaa matupu. Hakuna aliyemkemea mwenzake. Kila nyumba ilikuwa na mtoto analia njaa.

Pango likabaki uchi. Mbuzi wakaingia kukimbia jua. Ukoo ukakutana, na mtoto wa kaka yangu, aliyewahi kutembezwa makumbusho ya Mombasa, akasema vitu vya kale hufungiwa ndani kwa kufuli. Tulimpigia makofi. Tukachanga saruji, mdomo wa pango ukazibwa kwa ukuta na mlango wa chuma.

"Shangazi, babu zetu sasa wanalala kwa saruji, na wewe bado uko kwa nyumba ya udongo," akanitania.

"Waache walale. Mimi bado naamka."

Halafu ikaja ile mvua ya Elnino. Mlimani hapakuwa tena na mzizi wa kushika kitu. Maji yakapenya nyufa za mwamba kwa nyuma, yakajaa pangoni pamoja na udongo, na ukuta wetu ukayazuia yasitoke. Kumbe tulikuwa tumejenga birika.

Wakati huo kaka yangu mkubwa, mstaafu wa reli, alikuwa mgonjwa wa kifua huko Kaloleni ya Voi. Babu alikuwa amemnyima shamba kwa sababu ya kwenda kazini, na kaka aliishi na hasira hiyo maisha yake yote. Kwetu mtu hafi na hasira, maana akifa nayo huwashukia watoto wake. Hutasa: hujaza kinywa pombe ya miwa, akampulizia yule aliyemkasirikia, hasira ikatoka na pombe, na moyo ukawa mweupe. Kaka alitaka kutasa mbele ya babu.

Mimi na mwanawe, yule yule wa kufuli, tukampandisha polepole, tukipumzika kila penye jiwe. Mlango ulipofunguliwa, tope likatumwagikia miguuni. Mafuvu yalikuwa yamerundikana pembeni kama viazi, mengine yamepasuka.

"Dada, babu ni yupi?"

"Ngoja kaka."

Nikapiga magoti nikawapangusa kwa leso yangu. Majina yote yalikuwa kinywani, nikayataja kwa sauti, kuanzia mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa. Lakini kushoto palikuwa wapi tena? Kaka akasikia jina la babu, akadhani nimempata. Akainua kibuyu, akajaza kinywa, akasimama mashavu yamevimba, akiningoja nionyeshe kwa kidole.

Mwanawe akaninong'oneza, "Shangazi, mwonyeshe lolote. Atajuaje?"

"Yeye hatajua. Atajua huyo atakayepuliziwa hasira isiyo yake."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Kaka akanitazama. Akayatazama mafuvu, moja baada ya jingine, yote ya rangi moja ya tope. Nikamwona koo linapanda, linashuka.

Alikuwa amemeza.

Tukamshusha Kaloleni akiwa nayo hasira yake.