Mama Aliyesingiziwa Utupa

Goma hatuna mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mawe ya volkano, na sisi tunachota ziwani. Ndiyo maana mimi, niliyekulia mtaa wa Mapendo, nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba mto unaweza kufa, na kwamba ukifa watu humtafuta mnyonge wa kumbebesha lawama.

Shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi. Tangu hapo nimefanya kila kazi isiyodai diploma: nimesukuma chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, nimepakia mchanga, nimenunua chumvi na sabuni soko la Birere na kuziuza vijijini Masisi. Sikai mahali pamoja. Lakini nikiona jambo nisilolielewa, miguu inagoma kupita.

Mama ninayemsimulia nilimfahamu katika kambi ya waliokimbia vita, Kanyaruchinya, nilipokuwa nabeba madumu ya maji. Kambi ilipovunjwa alirudi kwao, kando ya mto unaopita chini ya mgodi wa dhahabu. Nyumba yake aliikuta imeungua, shamba limekuwa kichaka. Alichobaki nacho ni migono, vikapu virefu vya kutegea samaki. Alitega kambale, akawakausha kwa moshi, akauza. Kila nilipopita na chumvi yangu nililala kwake.

Safari moja nilifika nikakuta samaki wameelea matumbo juu, mto mzima, hadi kwenye majani ya kingo. Msimamizi wa mgodi alikuwa ameshatoa hukumu: ni yule mama, ametia utupa. Utupa ni majani. Ukiyaponda na kuyatia majini samaki hulewa, nawe unawaokota. Chifu wa kijiji akaitisha mkutano ufanyike siku ya tano tangu siku ile. Mama akipatikana na kosa, ahame. Ahamie wapi? Kwenye turubai tena.

Mimi kwa haraka zangu nilifunga samaki wawili kwenye majani ya ndizi, nikapanda pikipiki hadi Goma, kwenye ofisi moja inayohusika na maji. Karani akaniangalia.

"Papa, uko na ordre de mission, barua ya kukutuma?"

"Niko na samaki."

"Samaki haina muhuri. Leta barua ya chifu, barua ya ofisi ya territoire, kisha samaki."

"Wataoza, papa."

"Walishaoza," akasema, akafungua dirisha na kuniomba nitoke nao.

Nilirudi kijijini nikitukana njia nzima. Mama aliniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Papa, utupa inakaa siku ngapi mu maji ya mto?"

Nikabahatisha: labda wiki.

"Siku moja, tena ni mingi. Kesho yake maji imeshaenda na dawa yake."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri: mbona samaki walikuwa bado wanakufa? Siku ya nne nilipanda na mto, hatua kwa hatua. Mfereji wa mgodi unaingia mtoni chini ya daraja la miti. Chini yake hata kaa walikuwa wamekufa. Juu yake kambale walikuwa wazima, wananiponyoka mikononi. Nilimwomba chifu anipe wazee wawili wa kushuhudia. Mbele yao tulitia kambale wanne kwenye mgono wa juu ya mfereji, na wanne kwenye mgono wa chini. Asubuhi ya siku ya tano wazee wenyewe walivuta kamba. Wa juu walikuwa wanarukaruka. Wa chini wote walikuwa wamekufa.

Kwenye mkutano nilieleza hayo. Msimamizi, ambaye wote humwita chef, yaani mkubwa, alisimama na buti zake za mpira, safi.

"Wewe, ulisoma wapi?"

"Nilikomea mwaka wa tano, chef."

"Wa tano! Na unakuja kutufundisha samaki!"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Samaki nao hawakusoma, chef. Lakini wale wa juu wako wazima."

Safari hii wakamcheka yeye. Akakasirika, akasema mama alikwenda usiku kutia utupa mwingine kwenye mgono wa chini.

Mama akainuka. Mkononi alikuwa na jani la ndizi, na juu yake mmoja wa wale kambale wa chini, amechomwa vizuri, ananukia.

"Unasema ni utupa. Sisi wote hapa tulikula samaki ya utupa tangu utoto. Muzee chifu alikula. Haiue mutu. Basi kula, papa."

"Akule! Akule!" wanawake wakapiga kelele.

Msimamizi hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wanawake. Akanyoosha mkono, akamega kipande. Nyuma yake mlinzi wa mgodi akaruka.

"Chef, usikule! Ile dawa ya mapipa yetu..."

Akajiziba mdomo. Kipande kikaanguka.

"Dawa gani?" chifu akauliza.

Mlinzi akajipenyeza nyuma ya watu. Jina la dawa ile silijui hadi leo. Chifu akasema mama haendi popote, na kama kuna wa kuhama, mapipa yatangulie.

Baadaye nilimuuliza mama kama kweli angemwacha amle yule samaki.

"Ningemupiga mukono," akasema. "Nilikuwa karibu naye, haukuona?"

Mapipa hayakuhama. Mgodi unaendelea kuchimba, na msimamizi alituma ujumbe kwamba nitatafutwa Goma. Anitafute. Aulize Mapendo, hata watoto watamwonyesha mlango.

Kesho yake tulihamishia migono juu, mbali na mfereji. Njia ya huko inapita mbele ya lango la mgodi. Iko nyingine ya kuzunguka mlima, ndefu, isiyo na mtu. Nilimuuliza mama tufuate ipi.

"Ile ya kila siku," akasema.

Tulipita langoni na vikapu kichwani. Msimamizi alikuwa amesimama pale, kikombe cha chai mkononi. Mama akamwambia, "Jambo, chef," akangoja hadi akaitikia, ndipo tukaendelea kupanda.