Kichupa cha Pili

Kila maabara ina mtu anayeogopwa kuliko mkubwa wa kazi, na katika maabara ya hospitali hii mtu huyo alikuwa Bi Sahihi. Jina hilo alibandikwa na wenzake, nusu kwa heshima, nusu kwa kumchoka. Kazi yake ilikuwa kupima homoni kwenye maji ya uti wa mgongo. Daktari akishachoma sindano, kichupa cha kwanza hutupwa, kwa sababu huenda kimebeba damu ya jeraha, na damu ina homoni tele. Cha pili ndicho hupimwa. Bi Sahihi hakuwahi kuvichanganya, na aliyethubutu kuvichanganya alikiona cha mtema kuni.

Mwaka ule walihitaji watu wenye afya, wa kulinganishwa na wagonjwa. Wafanyakazi wakakwepa mmoja mmoja. Nani apende kutobolewa mgongo? Bi Sahihi akajitolea. Daktari akamtaka awe na mtu wa kumrudisha nyumbani.

"Dada yangu ananisubiri nje," akasema.

Dada huyo alikwisha kufa zamani. Bi Sahihi alijikokota peke yake hadi chumbani kwake, akalala chali akitazama dari, na hakuna aliyebisha hodi kumpa pole. Tuseme ukweli: upweke ulimuuma kuliko mgongo.

Vichupa havikuandikwa majina, ila namba tu, na Bi Sahihi aliikumbuka ya kwake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Siku ya kupima, namba yake ikatoa homoni ya msongo wa mawazo mara mbili ya wengine wote. Akarudia kupima. Jibu halikubadilika.

Mkuu wa maabara akaja, akainama kwenye mashine, akakunja uso.

"Huyu ni mzima kweli?"

"Alijitolea akiwa mzima," akajibu Bi Sahihi.

"Basi hapa pana kosa. Mtu hawezi kuwa na msongo hivi halafu kila siku anaamka anaenda kazini kama kawaida. Dada, isije ikawa umepima kichupa cha kwanza."

Wenzake mezani wakatega masikio. Akisema maji yale ni yake, na kwamba ndivyo alivyo, watamjua mpaka ndani. Akikubali kosa, sifa yake ya miaka yote imekwenda.

"Nimevichanganya," akasema.

Mkuu akacheka kwa upole. "Afadhali. Tulishaanza kudhani wewe ni mashine. Kitupe tu, tutatafuta mtu mwingine."

Mchana ule wenzake walimvutia kiti wanywe naye chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wakamtania, naye akacheka mpaka machozi. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimchoma. Walikuwa wamempenda hatimaye kwa kosa ambalo hakulifanya.

Alipomaliza chai, akarudi mezani kwake, akakichukua kichupa cha pili, akakitia kwenye ndoo ya taka.