Sauti Niliyoisikia Kisanduku Kikiwa Kimezimwa

Najua mtakachosema. Mtasema kiziwi kasikia vibaya. Semeni tu! Shemeji yangu ameshalisema hilo mbele ya ukoo mzima na sijabadilisha hata neno moja. Yaliyonikuta kule juu Karatu, mashamba yanapopakana na msitu wa Ngorongoro, yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Masikio yangu yaliharibiwa na mashine ya kusaga. Marehemu mume wangu aliniachia mashine hiyo, nikaiendesha miaka mingi, nayo ikayala masikio yangu kidogo kidogo. Ikafika mahali mteja anasema nimkobolee, mimi namsagia dona. Hapo shemeji, ndugu wa marehemu, akaanza kudai mashine apewe yeye, eti mwanamke asiyesikia atadhulumiwa. Mnaona alivyokuwa ananionea huruma?

Binti yangu Paskalina, anayefanya kazi kwenye loji ya watalii, akanishika mkono, akanisemea sikioni kwa nguvu: "Mama, usimpe mtu kitu. Tutafute mashine za masikio."

Zile za hospitali kubwa hatukuziweza. Akaniletea tatu za bei nafuu kutoka Arusha, kwa makubaliano kwamba nizijaribu, nichague moja, nyingine zirudi dukani.

Ya kwanza ilikuwa ya kupachika nyuma ya sikio. Hiyo ilikuza kila kitu. Kijiko kikigonga sufuria, ni kama kimegonga fuvu langu. Upepo ulisikika kama mafuta yakichemka kikaangoni. Lakini mtu akiongea, maneno yanapotelea humo humo. Ya pili ilikuwa ya kuchaji, ndogo kama punje ya haragwe, nzuri kwa macho. Nikitafuna inapiga mluzi, na jua halijazama imeshazima. Ya tatu ni kijisanduku cha kuvaa kifuani, chenye waya mpaka sikioni. Kibaya hicho! Watoto wa jirani walidhani ni redio. Lakini niamini, sauti ya mtu ilikuja ikiwa sauti ya mtu, tena kinatumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka.

Nikataka kukijaribu nje, mbali na kelele za nyumbani. Jioni moja nikapanda kwa njia ya kuni hadi ukingoni mwa msitu. Nikasikia kengele za ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nikasikia maji ya kijito. Nililia, siwafichi. Kisha nikakizima kisanduku ili nitunze betri, nikageuka nirudi. Ukungu ulikuwa umeshashuka.

Ndipo nikaitwa. Niliitwa kwa jina langu la utotoni, ambalo waliolijua wote wameshazikwa.

Hebu fikiri. Kisanduku kimezimwa, masikio yangu ni kama yamezibwa na udongo, na sauti hiyo inaingia safi kabisa, kama nilivyokuwa nasikia nikiwa msichana. Pembeni ya njia, kwenye miti, alisimama mwanamke wa umri wangu, kajifunga kitenge. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha mpaka kifuani, lakini kitenge chake kilikuwa kikavu.

"Unahangaika na makopo hayo ya nini?" akasema. "Vua, utupe. Mimi nitakurudishia masikio yako. Njoo."

Nilisogea? Nilisogea! Nani asingesogea? Alivyoona nasitasita, akabadili sauti. Akaniita kwa sauti ya Paskalina: "Mama, vua. Njoo huku."

Hapo ndipo alipokosea. Mwanangu aliyehangaika kunitafutia kifaa aniambie nikitupe? Hasira ikanipanda, hofu ikakosa nafasi.

"Sauti ya mwanangu umeiiba wapi wewe?" nikamfokea, nikawasha kisanduku.

Midomo yake iliendelea kucheza, lakini sauti yake sikuisikia tena. Nilichosikia kilitoka nyuma yake: pumzi nzito, na matawi yakivunjika. Nyati! Dume la peke yake, lile linalofukuzwa na kundi. Nikarudi kinyumenyume, macho mbele, nikajitupa kwenye mtaro wa shamba. Yule nyati akapita mbio pale pale aliposimama mwanamke, asimgonge mtu, maana hapakuwa tena na mtu.

Asubuhi tulirudi na majirani. Alama za kwato tuliziona kwenye tope, na nyayo zangu pia. Za mwanamke hazikuwepo.

Shemeji akaita kikao. "Kiziwi kasikia vibaya, ama hizo mashine zake za masikio zimeleta pepo," akasema. "Azivue, azirudishe."

Nikasimama, kisanduku kifuani. "Shemeji, pepo alitaka nivue. Na wewe unataka nivue. Sasa nikuweke upande gani?"

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo shemeji habari ya mashine ya kusaga hajaigusa tena.

Lakini lile jambo halikuisha. Mpaka leo, nikivua kisanduku nilale, bado naitwa kwa jina lile, safi, karibu na mto ninaolalia. Sijawahi kuitika.

Nawe unayenisikiliza, kama masikio yako yanapungua, usinunue mashine kwa uzuri wa macho. Ijaribu kwanza, nje, watu wakiongea. Na ikitokea sauti moja inakujia safi mno wakati nyingine zote zimekufa, usiisogelee hata kama inakuita kwa upendo. Mimi ikiniita, huwa naijibu moyoni tu: ita, bibie, ita. Utachoka wewe.