Lampi Niliyoiunguza Kabambare

Kosa ni langu. Musitafute mutu mwingine. Majina tu ndiyo nimegeuza.

Nilikuwa fundi wa posti ya redio hapa Kabambare. Ndani ya mashini kulikuwa lampi moja kubwa ya kioo, ndiyo ilisukuma sauti mupaka Kasongo. Nguvu nyingi ilipotea bure, ikageuka moto, na sauti ilifika kama ya mugonjwa. Hiyo ilinikosesha raha. Nikageuzageuza vifungo siku nyingi, polepole, mupaka moto ukapungua na sauti ikapanda. Wa Kasongo wakashangaa: "Leo unasema kama uko hapa mulangoni!"

Lo, sifa! Ningeachia hapo. Muzungu aliyenifundisha alinikataza kupitisha sindano ya kipimo cha nguvu juu ya alama nyekundu. Nikapitisha. Kidogo tu, nilijiambia. Asubuhi moja vyuma vya ndani vikaiva vyekundu, kioo kikapasuka. Na lampi ingine haikuwako!

Watu wakiuliza, nikajibu: "Redio iko muzima, ni mawingu tu."

Kesho yake rafiki yangu Salumu, mushonaji, alikuja mbio. Bibi yake Zainabu alikuwa anashindwa kuzaa tangu alfajiri.

"Ita munganga wa Kasongo aje na motokari, ndugu yangu!"

Nikavaa vyombo vya masikio. Nikasemesha mashini iliyokufa! Salumu ananitazama mudomo. Nikamugeukia: "Wamejibu. Wanakuja."

Ee Mungu wangu!

Wakangoja. Mimi nikatoka, nikaingia, nikakaa, nikasimama. Kila mara Salumu: "Wamefika wapi?" Jua lilipopinda nikaongeza uongo: "Motokari imekwama kwenye matope. Mumubebe kwa masista wa misioni."

Misioni ilikuwa mwendo wa saa tatu tu kwa miguu. Wangeondoka asubuhi!

Zainabu alipona. Mutoto, hapana.

Kisha ya mazishi, Salumu akanishika mikono miwili. "Aksanti, ndugu. Wewe uliita, wao ndio walichelewa."

Mupaka leo hajui.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha watu, sema palepale, hata mukubwa akikufukuza. Mimi niliogopa kufukuzwa. Basi, kazi ninayo bado, na kiti ninacho, lakini kukaa siwezi!