Munyu wa Chuma

Mimi ni mtu wa hasira, na ujinga wa watu hunichosha upesi. Basi ni haki nianze na ujinga wangu mwenyewe.

Miaka ile baada ya vita nilitoka kaskazini ya Katanga na mke wangu mjamzito, nikapata kazi Élisabethville, katika karakana ya kuyeyusha chuma. Tulimimina fito za wavu, zile zinazobeba makaa ya moto chini ya boila. Fundi wangu alikuwa mzee wa Kasai, mpole, mwenye makovu ya moto mpaka masikioni. Tulikaa katika nyumba za kampuni. Ukifukuzwa leo, kesho unatoa kitanda nje.

Kabla ya kumimina, mzee alitia ngumi moja ya kitu fulani ndani ya ndoo ya chuma kilichoyeyuka. Wote walikiita munyu, yaani chumvi. Mimi nilishika mpini wa upande wa pili, moshi machoni, nisione kinatoka wapi. Jumamosi moja, siku ya posho, mzee aliitwa nje wakati chuma kimeiva.

"Tia munyu, mutoto," akaniambia. "Ngumi moja tu, kisha mumimine."

Posho yangu ilikuwa palepale: unga, mafuta ya mawese, na munyu ndani ya karatasi. Nilinung'unika moyoni kwamba kampuni kubwa hivi inakula chumvi ya maskini, lakini nikatia. Chuma kikatatarika, kikatoa moshi mweupe. Tukamimina, na fito zikatoka nzuri kabisa. Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini munyu ni kidogo, nikamkaripia bure.

Wiki chache baadaye fito zilirudi zimevimba na kupinda. Msimamizi, Mbelgiji mmoja mwenye sauti kubwa, alizitupa miguuni petu akauliza ni kazi ya nani. Mzee alichukua fito moja ya Jumamosi ile, iliyokuwa bado haijatumika, akaivunja kwa nyundo, akatazama ndani. Kisha akanitazama mimi.

"Ni miye, bwana," akasema. "Nilisahau kutia chrome."

Hakuwa amesahau kitu. Kwa miaka yake mingi ya kazi hakufukuzwa, lakini siku hiyohiyo alitolewa kwenye ndoo, akapelekwa uani kupiga koleo la makaa, na nafasi yake nikapewa mimi.

Jioni nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Munyu ya kula? Ya posho?"

Halafu akanionyesha sanduku chini ya meza, limejaa vipande vidogo vinavyong'aa, chuma kilichochanganywa na kromu. Akanieleza taratibu. Ndani ya chuma cha kumimina mna kaboni. Moto ukikipiga na kukiacha, siku baada ya siku, kaboni inajitenga, na chuma kinavimba kama mkate. Kromu kidogo inaishikilia mahali pake. Ukizidisha, chuma kinakuwa kigumu kupita kiasi, kinavunjika kama sahani.

"Kidogo, inafaa. Mingi, inaharibu. Njo maana tunaiita munyu," akasema. "Kosa iko yangu. Shikukuonyesha sanduku."

Siku tatu nilimwona akipita juani na toroli la makaa, mtu wa umri wa baba yangu. Siku ya nne asubuhi nilielekea ofisi ya msimamizi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na koleo lake.

"Unaenda wapi?"

"Kusema ukweli, baba."

"Bibi yako iko na mimba ya miezi munane. Miye, batoto yangu banakwisha kukomaa. Rudia ku kazi."

Nikarudi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa ndani ya nyumba ile, chini ya bati la kampuni. Mzee alipiga koleo miezi mitatu, na kila alipopita karibu na ndoo yangu alikunja ngumi, akaniinulia, kunikumbusha kipimo. Hakuna fito yangu iliyovimba tena. Nilichokula na kuwalisha wanangu kwa kazi hiyo, nilikipata kwake.

Nilimshukuru mara nyingi, mpaka akachoka kunisikia. Jambo moja tu sikumwambia: asubuhi ile, nilipomkuta mlangoni, nilifurahi.