Nyayo Mia na Ishirini

Mimi na majani tunaelewana. Nipe kipande cha ardhi kilichokufa, nipe maji na miezi mitatu, halafu uje uone. Nasema hivi bila haya kwa sababu nimeotesha nyasi Riyadh, ambako jua la mchana lilikuwa likipasua ndoo ya plastiki, na madamu wangu alikuwa akiwapitisha wageni wake kwenye nyasi zile kabla hawajakaribishwa kahawa.

Niliondoka Mombasa miaka ile maajenti walipokuwa wakitupeleka Saudia kwa makundi. Mkataba ulisema dereva. Nilipofika, kafili wangu wa kwanza, yaani tajiri aliyenidhamini, akaniambia kwamba kabla ya gari kuna mpira wa maji, akanitia katika kundi la kumwagilia bustani moja ya umma karibu na Sulimaniyah. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilinyamaza, maana bibi yangu alinilea kwenye shamba la mchicha na kazi ile nilikuwa naijua kuliko gari.

Ijumaa ya kwanza ya mapumziko nilivaa shati safi, nikanunua viazi vya kukaanga, nikaenda kukaa kwenye nyasi nilizomwagilia wiki nzima. Mlangoni palikuwa na mlinzi mzee na kibao. Akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Wen aila?" akaniuliza. Familia iko wapi?

Nikamwambia familia iko Kenya. Akanionyesha kibao: bustani ni ya familia, mwanamume aliye peke yake haingii. Nikamweleza kwamba mimi ndiye ninayezimwagilia nyasi zile. Akasema anajua, kila siku ananiona, na kesho nikija na mpira wa maji atanifungulia. Hakuwa na ubaya wowote. Nikala viazi vyangu nimesimama kando ya barabara, nimenuna. Nilikasirika siku tatu.

Baadaye ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilihamishwa kwa familia moja ya mtaa wa Malqa, huko huko Riyadh, nikawa dereva na mtunza bustani kwa pamoja. Huko ndiko ujumbe wa dada yangu ulikonikuta.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na hana desturi ya kuzungusha maneno. Alisema, kwa sauti iliyorekodiwa: "Kanisa limekubaliana na mji. Makaburi yale ya zamani yafanywa bustani ya watu wote. Mawe yatapangwa ukutani. Wenye makaburi yasiyo na mawe wamepewa mpaka Jumapili ya Mitende waende wakaonyeshe. Lisiloonyeshwa litasawazishwa. Na njia ya kupita watu ishapigwa chokaa, nimeiona. Yapita upande wa mametu. Wewe ndiye ujuaye alipo."

Ni kweli, mimi ndiye niliyejua. Mama alizikwa pale nilipokuwa na miaka minane, katika nafasi za mwisho mwisho kabla kiwanja kile cha katikati ya mji hakijafungwa. Hatukuwa na uwezo wa jiwe. Bibi alichukua bakuli la bati la mama, lile lenye maua mekundu alilonywea uji, akalitoboa tako kwa msumari ili lisimtamanishe mwizi, akalizika nusu upande wa kichwa. Ndivyo walivyofanya wazee wake kwa kila marehemu, chombo chake kikatobolewa kikabaki naye. Kisha akanigeukia. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kwamba bakuli si jiwe na litazama.

"Wewe wajua kuhesabu," akaniambia. "Hesabu."

Nikahesabu kama tulivyopima magoli ya mpira: kisigino kugusa vidole, kisigino kugusa vidole. Kutoka nguzo ya kengele kwenda ukuta wa nyuma, nyayo mia na ishirini. Kisha kushoto, nyayo thelathini. Miezi ile ya mwanzo, kila Jumapili baada ya ibada bibi alinituma nikahesabu tena huku yeye akinitazama. Bibi alipofariki niliacha kwenda. Magugu yalipanda mpaka kiunoni, vibaka wakapafanya maskani, na mimi nikawa na shughuli zangu za ujana. Sijisifu kwa hilo. Lakini hesabu haikunitoka hata siku moja.

Jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Watu wakae wakila njugu juu ya mama yangu? Nilimwambia dada maneno mengi kuhusu kamati ya bustani hiyo, ambayo yeye aliyasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Waja au huji?"

Nikamwendea baba, yaani bosi wangu, nikamwomba ruhusa ya wiki mbili. Alikuwa mtu mpole na mwenye msimamo. "Mkataba miaka miwili," akasema. "Sasa mafi ijaza." Hakuna likizo. Nikamweleza ni habari ya kaburi la mama. Akamwombea mama rehema, kwa moyo kabisa, akarudia kwamba hakuna likizo.

Basi nikampa dada hesabu. Nilimpa kwa majivuno, kama mtu anayetoa ufunguo. Jumamosi iliyofuata akaenda na panga la kufyekea, akanipigia akiwa hapo hapo.

"Nimefika mia na nne," akasema, "na nimegonga ukuta."

"Umehesabu vibaya."

"Nimehesabu mara mbili."

"Basi hujaanzia kwenye nguzo."

"Nguzo ni moja, na kengele iko juu yake. Wataka niipige uisikie?"

Hapo nikaamua kwamba ukuta umesogezwa. Niliiona hila yote: kamati imekata kipande cha kiwanja, imemuuzia mwenye duka wa upande wa pili, na bustani ni kifuniko tu. Nilimtumia katibu wa kamati, mwalimu mstaafu aliyenifundisha shule ya Jumapili utotoni, ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sitaki kuurudia hapa. Neno wizi lilikuwamo, tena si mara moja.

Alinijibu kwa maandishi: "Mwanangu, ukuta huu ulijengwa kabla babako hajazaliwa. Njoo uupime."

Niliamini bado kwamba niko sawa. Nilikuwa na uhakika na zile nyayo mia na ishirini kama nilivyokuwa na uhakika na jina langu, na uhakika wangu ulizidi kila mtu aliponipinga. Wakati huo huo nikawa silali vizuri. Zilibaki wiki tatu kabla ya Mitende, halafu mbili. Njia ingewekwa mawe, watu wangepita juu ya mama na viatu, na mtu pekee duniani aliyepewa kazi ya kukumbuka alikuwa Malqa anapogoa ua la watu.

Shule zilipofungwa familia ilihamia Jeddah, kwenye nyumba yao nyingine mtaa wa Nuzha, na mimi nikawaendesha. Bustani ya huko ilikuwa imetelekezwa. Madamu alitaka ukanda wa maua ubavuni mwa nyumba, na chini yake mipira myembamba ya kumwagilia kwa matone. Asubuhi nikaupima ukanda kama ninavyopima kila kitu, kisigino kugusa vidole, nikiwa na buti za kazi. Nyayo sitini. Nikaandika kwenye kiganja.

Mchana joto la Jeddah lilikuwa limenitoa jasho mpaka ndani ya buti, nikazivua. Kabla ya kukata mpira nikarudia kipimo, kwa mazoea tu, miguu mitupu. Nikapata sitini na tisa.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia, sitini na tisa. Nikavaa buti, sitini. Mfanyakazi mwenzangu, Mbangali aliyekuwa akibeba mchanga, akaniuliza kama nina homa.

Sikuwa na homa. Nilikaa chini kwenye ukingo wa saruji nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, maana mtu mzima anayejua kupima shamba kwa macho alikuwa ameibeba hesabu miaka ishirini na kitu bila kujiuliza ni mguu wa nani uliohesabu. Ulikuwa mguu wa mtoto wa miaka minane. Ukuta haukusogea hata kidogo. Nilikuwa nimemtukana mwalimu wangu kwa sababu nimekua.

Sasa tatizo likawa jingine. Mguu ule ulikuwa na urefu gani? Ningeweza kukisia, lakini kosa dogo kwenye unyayo mmoja, ukilizidisha mara mia na ishirini, linakupeleka kwenye kaburi la mwingine. Nilijaribu kukumbuka namba ya viatu vya shule. Sikuwa na viatu vya shule.

Nilimpigia dada nikamweleza. 

"Kizingiti," akasema.

"Kizingiti kipi?"

"Cha mlango wa nyuma. Mjomba alikitia saruji wiki ya matanga ya mametu, na wewe ukakikanyaga kikiwa kibichi. Bibi akakuchapa mbele ya wageni. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamuuliza kama alama bado ipo.

"Ipo. Kila nikideki maji hutuama humo."

Hapo ndipo nilipokuwa mimi tena. Nikampa maagizo na akayafuata: achukue uzi, aulaze ndani ya alama ya mguu kutoka kisigino hadi kidole kikubwa, akate. Kisha achukue kamba isiyovutika, aipime kwa uzi ule mara kumi, atie fundo. Kamba hiyo ailaze mara kumi na mbili kutoka kwenye nguzo, na mara tatu kwenda kushoto. Asitumie mguu wake hata kwa unyayo mmoja.

Akaenda Jumamosi, mkesha wa Mitende. Mimi nilikuwa nawapeleka watoto wa bosi ufukweni, simu mapajani. Nikawashusha, nikaegesha gari, nikasubiri. Sijui kama nimewahi kuogopa vile. Kama pasingekuwa na kitu, ningekuwa nimempoteza mama mara ya pili, na safari hii kwa kosa langu.

Simu ikaita. Nilisikia pumzi zake na watu wakizungumza nyuma.

"Nimefika mwisho wa kamba," akasema. "Niko katikati ya njia yao, juu ya chokaa. Nafukua."

Nikasikia jembe, mara nyingi. Kisha likagonga bati, na yeyote aliyewahi kulima anaijua sauti ya jembe likigonga bati.

Nikamsikia dada akifuta udongo kwa mkono. Mwishowe akasema, "Maua yote yamebanduka. Limebaki moja. Na tundu la msumari liko."

Nikamwambia asilitoe. Akasema hana nia ya kulitoa. Tukakaa hivyo kwenye simu, yeye Mombasa amepiga magoti, mimi Jeddah ndani ya gari la watu, hakuna aliyetaka kukata.

Jioni ile nilimpigia mwalimu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikuwa nimeshindwa wazi. Nilimwomba radhi kwa neno wizi, na kwa yale mengine. Akanisikiliza.

"Nshasahau," akasema. "Jina la mamako laandikwaje? Fundi wa kibao cha majina ataka kuanza."

Nikamtajia, herufi kwa herufi, akaandika. Njia yao waliipindisha. Fundi wa njia hakupenda, nimeambiwa, maana alipenda mistari iliyonyooka, lakini katibu alimwambia kwamba bustani si reli.

Mkataba wangu ulipoisha nilirudi. Nilipita kwanza nyumbani, mlango wa nyuma, nikaweka mguu wangu kando ya ule mwingine kizingitini. Kisha nikaenda mjini. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilinunua viazi vya kukaanga njiani.

Nitasema ukweli wa kitaalamu: nyasi wamezipanda mbali mbali mno, na upande wa mashariki maji hayafiki. Nimeshawaambia, na siku hizi naenda mwenyewe kila Jumanne kurekebisha. Lakini siku ile sikusema kitu. Mawe yalikuwa yamesimama ukutani kwa utaratibu, na chini yake kibao cha majina ya wasio na mawe, naye yumo, na herufi ziko sawa. Wanafunzi walikuwa wakisoma chini ya mwarobaini. Mzee mmoja alikuwa amelala benchini, gazeti usoni. Watu walikuwa wanakula njugu, kama nilivyotabiri, na sikuona ubaya wowote.

Lango lilikuwa wazi na mlinzi amekaa kwenye kiti chake. Alinitazama nikipita, shati safi, mfuko wa viazi mkononi, mwanamume peke yangu. Nilipunguza mwendo, kwa mazoea. Akaitikia salamu yangu, akaendelea na redio yake.

Nikaifuata njia mpaka pale inapopinda, nikakaa kwenye nyasi, nikafungua viazi. Hakuna aliyeniuliza familia yangu iko wapi. Siku ile ningekuwa na jibu.